Wenzangu wanataka nimtoe mdogo wangu kwenye timu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Safu yako naisoma tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuandikia, tena kwa jambo lisilo la mchumba wala la ndoa. Naomba usilione dogo. Linaninyima usingizi.

Nina timu ya mbio za magari ya roboti. Wasomaji wengi hawajayaona magari haya, kwa hiyo nieleze kidogo. Ni madogo, urefu wake ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, na tunayajenga juu ya fremu za yale magari ya kuchezea ya rimoti. Ila rimoti haitumiki. Gari lina kamera mbele, sensa za kupima umbali ubavuni, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi mgongoni. Likishaachiwa kwenye mstari hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Linaona njia lenyewe, linakata kona lenyewe, linayapita mengine lenyewe. Kazi yote ya binadamu inakuwa imeisha kabla ya filimbi, na wakati wa mbio wewe unasimama tu nyuma ya kamba unatazama.

Tuko watano. Mmoja ni wa magurudumu na usukani, mmoja wa umeme na betri, mmoja wa sensa na kamera. Mimi naongoza timu na kuhangaikia udhamini. Wa tano ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 20, na yeye ndiye anayeandika programu, yaani akili yenyewe ya gari. Amejifunza kwa simu, usiku bando likiwa rahisi, tangu akiwa kidato cha tatu. Ni mtu wa maneno machache sana.

Karakana yetu ni stoo ya mama mdogo, Katubuka. Mama mdogo ananunua dagaa Kibirizi, anakausha, anapeleka magunia Dar es Salaam kwa treni. Nusu ya stoo ni magunia, nusu ni meza yetu. Zaidi ya kutupa stoo, ndiye aliyetoa pesa ya fremu, mota na betri. Alitoa mwezi wa Machi, akijua kabisa kwamba katikati ya Mei ziwa linafungwa kwa uvuvi na biashara yake inasimama hadi katikati ya Agosti. Hakutuandikisha popote. Alisema tu, "Mkishinda mtanirudishia, msiposhinda mtakuwa mmejifunza."

Ubingwa wa msimu huu una raundi nne, kila raundi na mji wake. Imebaki moja, ya Dar es Salaam, na sisi tuko mkiani.

Mwanza tulikimbilia kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa. Jua la saa nne asubuhi lilipiga sakafuni, kamera ikadhani ule mwanga ni mstari wa njia, gari likatoka nje kona ya kwanza. Mdogo wangu alirekebisha palepale na mchana tukamaliza mbio, ingawa nyuma. Arusha gari lilikwenda vizuri mno, tukawa wa tatu, watu tusiowajua wakaanza kutushangilia. Halafu likitoka kwenye kona ndefu kuingia sehemu iliyonyooka, pale linapotakiwa kuchochea mwendo, likasimama. Kile kijitaa chekundu cha kompyuta kikazimika, kikawaka, na baada ya muda gari likaondoka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzetu walikuwa wamekwishamaliza. Dodoma ikawa vilevile, ila safari hii lilizimika likiwa kwenye mwendo mkali, usukani ukabaki umenyooka, likaparamia matairi ya pembeni. Meno ya mota ya usukani yakavunjika yote. Hatukukimbia tena.

Kwenye treni ya kurudi hakuna aliyemsemesha. Tulipofika Tabora tulishuka kununua chakula, yeye akabaki kwenye siti yake amelikumbatia boksi la gari.

Wiki hiyohiyo wenzangu watatu waliniita. Wamesema mdogo wangu atoke, au watoke wao. Kuna kijana wa Dar es Salaam tuliyefahamiana naye kwenye mashindano ambaye yuko tayari kutupa programu yake, imeshajaribiwa, kwa sharti kwamba tuandikishwe chini ya karakana yake na tumpe nusu ya zawadi tukipata. Majina ya raundi ya mwisho yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Shangazi, hawa si watu wabaya. Mmoja aliacha kibarua cha kufunga sola ili asafiri na sisi. Lakini waliniambia neno lililonichoma: "Udugu usitumalizie msimu."

Nikimtoa, namtazamaje mama mdogo? Tutakaa kwenye stoo yake, tunachaji betri alizonunua yeye, na mtoto wake yuko nje? Sijamwambia chochote. Nisipomtoa, nabaki na timu ya watu wawili.

Na yeye mwenyewe ananitia wasiwasi. Tangu Dodoma analala stoo. Nyumbani haji kula, na mama yake anajua tu kwamba kazi imembana. Nikiingia anafunga laptopu. Juzi nilikuta daftari lake liko wazi mezani. Ukurasa mzima ameandika juu "Makosa yangu", na chini yake orodha. La kwanza kwenye orodha ni "Jua la Mwanza".

Nimtoe? Nijitoe mimi? Au timu nzima tujitoe msimu uishe?

Nahodha, Kigoma

Marahaba mwanangu,

Hakuna dogo hapa. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikifika kwenye lile daftari nasimama. Kwa hiyo nitaanzia huko, kabla ya gari, kabla ya wenzako, kabla ya Dar es Salaam.

Kijana wa miaka 20 anayeandika jua kuwa kosa lake amebeba zaidi ya matokeo mabaya ya mbio. Amehama kitanda chake, haji mezani, anafunga anachofanya mtu akiingia, na hakuna kati yenu anayemsemesha. Sisemi ni mgonjwa. Inawezekana ni mtu anayependa kazi yake na ameumia, na watu wa aina hiyo hujifungia. Lakini huwezi kulijua hilo kwa kulichungulia daftari lake, itabidi mzungumze. Na nakuomba mazungumzo hayo yasifanyike stoo, mbele ya lile gari. Mtoe humo stoo. Nendeni Kibirizi jioni au Ujiji, mahali penye upepo wa ziwa, mwagizie ugali wa muhogo na mgebuka, mle kwanza. Usianze na "tatizo la programu ni nini". Mwulize analala vipi. Mwambie umeliona daftari, maana ukilificha hilo na akaja kulijua baadaye, atafunga na mlango mwingine. Halafu nyamaza umpe nafasi. Umesema ni mtu wa maneno machache, na watu wa maneno machache huhitaji mwenzao avumilie kimya kirefu kabla hawajasema la moyoni.

Akikuambia maneno ya kukata tamaa, kwamba bora asiwepo, kwamba hana faida kwa mtu, hapo mbio zote zinasubiri. Usimwache peke yake usiku huo, na mpelekeni hospitali, pale Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, azungumze na mtu aliyesomea mambo hayo. Kama hayupo huko, na natumaini hayupo, bado mama yake anastahili kujua kwamba mwanawe hali chakula. Mwambie yeye kwanza kwamba utamwambia mama. Ni mtu mzima, asije kusikia habari zake zikizungumzwa sebuleni kabla hajaulizwa.

Sasa nije kwenye gari. Mimi si fundi, lakini jambo moja kwenye barua yako lilinifanya nimtafute fundi wa elektroniki ninayemwamini na kumsomea yale uliyoandika kuhusu Arusha na Dodoma. Uliandika kwamba gari lilizimika pale linapotakiwa kuchochea mwendo, na kile kijitaa chekundu kikazimika kikawaka. Fundi akanisimamisha hapohapo. Alisema mota ikiitwa kwa nguvu huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti za betri zinashuka, na kama kompyuta inakula kutoka betri hiyohiyo, inaweza kuzimika na kuanza upya. Ni kama taa ya nyumbani inavyofifia jirani akiwasha mashine ya kusaga. Akaniambia kwamba hizi Raspberry Pi zinataka volti 5, na zikishuka chini ya 4.63 hivi zenyewe huonyesha onyo la umeme mdogo. Nyingi za aina hizo kile kijitaa chekundu ndicho kinachozimika kutoa taarifa.

Kama ni hivyo, programu inaweza kuwa haina hatia yoyote. Inaweza. Fundi mwenyewe alinionya kwamba bila kupima hajui. Inawezekana ni waya uliolegea unaocheza gari likitikisika kwenye kona. Inawezekana pia ni programu kweli, inaielemea kompyuta mpaka inajifunga. Lakini haya yote yanapimika. Betri ya seli mbili ikijaa hufika volti 8.4, mkiweka multimita, kile kipima umeme, hapo na nyingine kwenye mlango wa kompyuta, gari mkaliinua juu ya kibao magurudumu yakiwa hewani, kisha mkaminya mwendo wote ghafla, mtaona namba zinakwenda wapi. Magurudumu yakiwa hewani mzigo ni mdogo kuliko njiani, kwa hiyo fundi anashauri mtu ayabane kidogo kwa kitambaa. Jambo lenyewe ni la jioni moja. Nashangaa, na nasema hili kwa upole, kwamba mtu ameshahukumiwa na kipimo bado.

Nikupe kisa kimoja cha kweli kutoka kwenye mchezo wenu huuhuu. Idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, iliandaa mbio za magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave tarehe 13 Machi 2004. Magari 15 yaliondoka. Hakuna hata moja lililomaliza. Lililofika mbali kuliko yote halikutimiza kilomita 12, na njia ilikuwa ya zaidi ya kilomita 220. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, walirudia kwa njia ya kilomita 212 na matano yakamaliza. La kwanza lilikuwa Stanley, la Chuo Kikuu cha Stanford. Lakini mimi nilivutiwa na lililokuwa la tatu, liitwalo H1ghlander, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Hilo ndilo lililoongoza sehemu kubwa ya njia. Kisha injini ikaanza kukosa nguvu, hasa kwenye vilima, Stanley akalipita, na mwisho likawa nyuma yake kwa takriban dakika 20. Zawadi ilikuwa dola milioni 2 za mshindi peke yake.

Timu ile ilikuwa na mainjinia wa kila namna, na bado hawakuweza kujua injini ilikuwa na nini. Jibu lilipatikana mwaka 2017, miaka 12 baadaye, gari hilo lilipotolewa tena likawashwa: kichujio kidogo cha umeme kati ya kompyuta ya injini na nozeli za mafuta kilikuwa kibovu. Wiki chache kabla ya mbio zile gari lilikuwa limepinduka kwenye mazoezi. Hebu fikiria miaka yote hiyo, kila aliyeandika mstari mmoja wa programu ya gari lile angeweza kulala akijiuliza kama ni yeye.

Sikuletei kisa hiki ili kukuambia mdogo wako hana kosa. Nimekileta kwa sababu ya jambo jingine, nalo ni gumu zaidi. Tuseme mmepima na mmekuta ni umeme. Basi kuna mwenzenu wa umeme na betri, mmoja wa wale watatu, na usiku huo macho yote yatamgeukia yeye. Na betri hizo zilinunuliwa kwa pesa ya mama mdogo, pengine mlichukua zile za bei mliyoimudu. Utafanya nini na jibu hilo? Kama mtahamisha tu fimbo kutoka mgongo huu kwenda mgongo ule, mtakuwa na timu ileile iliyopanda treni Dodoma, ila atakayekumbatia boksi ni mwingine. Ndiyo maana nadhani ni vizuri mkubaliane kabla ya kupima, wote watano mkiwa mmekaa, kwamba mnatafuta sehemu iliyoharibika ya gari.

Kuhusu wenzako watatu, umewatetea kwa moyo na nimependa hilo. Neno lao limekuchoma, lakini jaribu kulisikiliza tena kwa sikio la mtu aliyeacha kibarua chake. "Udugu usitumalizie msimu" yaweza kumaanisha: sisi tukikosea hatuna mama wa kutulinda. Yaweza kumaanisha: wewe nahodha, ukiwa unaamua juu yake, tunakuona ni dada yake. Sijui ni lipi, na nadhani hata wewe hujui, maana waliniambia kupitia barua yako neno moja tu kati ya mengi waliyokuwa nayo. Waulize. Na kikao cha namna hiyo usikiongoze wewe. Mwombeni mwalimu, au fundi mmoja mjini anayeheshimika na asiye na upande, awakalishe.

Kuna swali nataka ulijibu ukiwa peke yako, wala usiniandikie jibu. Kama kijana huyu asingekuwa ndugu yako, ungefanya nini? Wengine wakijiuliza hivyo hugundua kwamba wangekuwa wamemtoa zamani. Wengine hugundua kinyume, kwamba wangemtetea kwa sauti kubwa zaidi, na kimya chao cha sasa kinatokana na kuogopa kuambiwa wanapendelea. Jibu lolote kati ya hayo litakusaidia kuliko kunyoosha mikono.

Sasa huyu kijana wa Dar es Salaam. Sina sababu ya kumdhania vibaya. Ila fundi wangu aliniuliza jambo rahisi: programu iliyojaribiwa, ilijaribiwa kwenye gari gani? Kimo cha kamera, upana wa magurudumu, uzito, jinsi usukani unavyoitikia, vyote hivyo vimo ndani ya namba za programu. Kuihamishia kwenye gari lenu ni kazi ya siku nyingi za kupima na kurekebisha, na anayejua kuifanya kazi hiyo hapo kwenu ni yuleyule mnayetaka kumtoa. Na kama kasoro ni ya umeme, programu yake nzuri nayo itazimika kwenye kona ileile. Kisha kuna sharti la kuandikishwa chini ya karakana yake. Msimu ujao gari ni la nani? Jina la Kigoma litakuwa wapi? Someni pia kanuni za mashindano yenu kuhusu timu kutumia kazi ya timu nyingine. Pamoja na hayo, siwezi kusema ofa yake haina maana. Yaweza kuwapa wenzako sababu ya kubaki, na mdogo wako akapata mtu wa kujifunza kwake, kama yeye mwenyewe atahusishwa na akakubali. Akifanyiwa nyuma ya mgongo, hata mkishinda atasoma kwenye matokeo kwamba hakuhitajika.

Kumbakiza nako kuna hatari zake, usijidanganye. Wale watatu wakiondoka kweli, hamna wa magurudumu, wa umeme wala wa sensa, na mzigo wote utamwangukia mtu ambaye tayari ameinama. Akishindwa Dar es Salaam, ataongeza kwenye orodha yake na kuvunjika kwa timu. Kumpenda kwako kunaweza kumgharimu.

Kati ya kumtoa na kumbakiza kuna njia ambazo hukuzitaja. Wawili wanaweza kushika programu badala ya mmoja, huyu wa sensa akakaa naye, kila badiliko likaandikwa na kusomwa na mwingine. Kwa vijana wa tabia yake hilo linaweza kuwa nafuu kubwa, au likaonekana ni kushushwa cheo. Inategemea ni nani amelipendekeza na kwa sauti gani. Mnaweza pia kwenda Dar es Salaam kwa mwendo wa chini. Nimeambiwa mota isipodaiwa nguvu zote volti hazianguki sana, na gari lililomaliza likiwa la tano linapata pointi ambazo lililozimika likiwa la tatu halipati. Huenda hilo lisiwavutie vijana waliokwishaonja kushangiliwa Arusha. Lizungumzeni hata hivyo.

Kujitoa msimu uishe si aibu, na nauli ya watu watano kutoka Kigoma si pesa ya kuchezea. Ila jiulize utakuwa unajitoa ili mpumzike au ili usilazimike kukaa kwenye kile kikao. Ukijitoa kwa sababu ya pili, kikao kitakusubiri hapo mtaani, maana wote mnaishi mji mmoja. Na kuhusu kujitoa wewe mwenyewe, sijaona kwenye barua yako mtu aliyechoka na mchezo huu. Umenieleza jinsi gari linavyokata kona kwa furaha ambayo hukuweza kuificha. Nimemwona mtu aliyechoka kuwa katikati. Uongozi unaweza kuugawa bila kuondoka.

Nimemwacha mama mdogo mwisho kwa sababu yeye unamwogopa kuliko wote, na ndiye pekee ambaye hajasema neno. Umemwekea mdomoni huzuni na hasira ambazo hajazitoa. Alilolisema, kwa maandishi yako, ni kwamba msiposhinda mtakuwa mmejifunza. Huyu ni mwanamke ambaye riziki yake inafungwa na kufunguliwa kwa tarehe za serikali, anayejua kukaa miezi mitatu bila dagaa wa kuanika na kuanza tena. Pengine anajua kuhusu msimu mbaya kuliko nyote watano. Pengine pia ataumia, na akaitaka stoo yake. Ni haki yake, na jiandaeni kwa hilo. Angalia tu namna utakavyomwendea. Ukimpelekea shauri lote aamue, wenzako wataona umeita mkubwa aje awapige, na mdogo wako ataona ameshitakiwa kwa mama yake. Kumpa taarifa ni jambo moja, kumpa uamuzi ni jambo jingine. Habari ya mwanawe kutokula ni ya kumwambia hata kesho. Habari ya timu iende ikiwa ninyi watano mmeshakaa, na ikiwezekana mwende wote.

Muda haukuruhusu kufanya yote kwa utaratibu ninaoutamani. Waandikie waandaaji leo uwaulize kama jina likishapelekwa linaweza kubadilishwa, na hadi lini. Wakikubali, umepata nafasi ya kupumua. Wakikataa, angalau mnajua mna siku ngapi. Na siku mtakayopima ile betri, mdogo wako awepo, ashike multimita yeye mwenyewe, na huyu mwenzenu wa umeme akae upande wake wa pili akiandika namba.

Niandikie tena, hata kwa mistari michache. Nataka kujua kama ameanza kula.

Shangazi